Gololi Moja

Fundi wa mjini alitaka laki nne
na kabureta nyingine. "Hii imekufa, mama."
Nikamwambia: hata mimi nimewahi kuambiwa hivyo,
na bado napanda Kanaba na magunia manane ya viazi.

Basi Jumapili, baada ya ibada,
nikafunua boneti ya Landkruza,
mzee aliyezaliwa mwaka mmoja na mimi,
nikatoa chujio la hewa, nikalegeza nati nne,
nikambeba mgonjwa hadi meza ya chakula
akinuka petroli na safari.

Gazeti la zamani. Beseni la kuogeshea watoto.
Ninsiima, mwanangu, darasa la sita,
anachora kila kipande kabla sijakigusa:
springi hii juu ya fimbo hii, skrubu ndefu kushoto,
namba pembeni.
Baba alinifunza hilo kambini, kwa Kiswahili cha polisi
kisichojua tafadhali:
"Ukifungua bila kuandika, utafunga ukilia."

Ndani, uji wa kutu,
na mdudu mmoja mkavu, sijui alipita wapi.
Jeti, tundu dogo kuliko jicho la sindano.
Waya hapana, waya hukwaruza.
Nikaitia mdomoni nikapuliza
mpaka nikaona dirisha upande wa pili,
na dirishani kilima, na kilimani ukungu.
Chai ya siku ile yote ilikuwa na ladha ya petroli.

Boya la shaba nikalitikisa sikioni: chwa, chwa.
Limekunywa.
Kumbe ndiyo maana gari lililewa kila mlima
na kutema moshi mweusi kwenye kufuli za watu.
Nikalizamisha katika maji ya moto
(jiko liko nje, nyuma ya choo; petroli haina utani)
na uzi wa mapovu ukapanda
kutoka kitobo ambacho macho yangu yalikikana.
Nikasubiri likatapika lote, likakauka.
Tone moja la risasi.

Sasa gololi.
Kuna gololi ya chuma, ndogo kama punje ya mtama,
inayokaa chini ya pampu, ikiziba, ikifungua;
bila hiyo ukikanyaga mafuta gari huwaza kwanza.
Nilipindua kabureta. Ikasema ti! sakafuni,
ti, ti, kuelekea mlangoni,
na mlangoni alisimama kuku wa Kobusingye.

Tulipiga magoti, mimi na Ninsiima,
na tochi ya simu, na sumaku ya redio mbovu.
Kuku alitutazama kwa jicho moja,
kisha kwa lile lingine.

Nilimnunua jioni ileile,
kwa bei ya jirani anayejua una haraka.
Firigisi: changarawe, kifungo cha shati la shule,
punje za mtama, tukazikodolea moja moja.
Gololi hakuna.
Mchuzi ulikuwa mzuri. Samahani, kuku.

Nyingine nikaitoa kwenye pedali ya baiskeli
ya baba yangu, Turyagyenda,
jina ambalo kwetu ni kusema tutakwenda;
baiskeli haijaenda popote tangu tumzike.
Ninsiima akapima kwa rula. Sawa, au jirani na sawa.
Gasketi nikakata kwa mkasi wa cherehani.
Skrubu ya mchanganyiko: ndani, taratibu, mpaka ikatae,
kisha nje mzunguko mmoja na nusu,
kisha nikarudisha robo, maana huku juu
hewa ni nyepesi, injini haina haja ya kuvimbiwa.

Jumatatu, saa kumi na mbili, baridi ya Kabale inang'ata masikio.
Nikavuta choki. Starta. Kimya.
Starta. Kikohozi.
Ninsiima kashika daftari kama hati ya mashtaka:
"Mama, skrubu moja fupi imebaki mezani,
na haimo kwenye mchoro."
Starta.

Ikashika. Ikanguruma chini chini
kama mtu anayesali asiamshe nyumba.

Tulipofika mlima wa Muko nikakanyaga,
na gari halikuwaza.
Skrubu iko kwenye kisahani cha majivu.
Kila kona inalia kidogo, inauliza.