Unene wa Mwisho

Saa tatu asubuhi, Wadi Kabir. Feni inasukuma joto
kutoka kona hii kwenda ile, basi.
Pavithran anaifuta sahani ya breki kwa kipande cha kanzu kuukuu,
anaibana kwa maikromita, anafumba jicho moja.
"Sita nukta nane." Anaizungusha kidogo.
"Sita nukta saba. Hapa sita na nusu, pamelika."
Ukingoni, huko Japani, mtu aligonga kwa muhuri:
isipungue sita.

Kwa hiyo tuna nusu milimita ya kuchezea,
mimi na marehemu.

Pikipiki ni yake, Honda ya mwaka sabini na saba.
Aliinunua Matrah kwa mishahara minane
alipotoka Bujumbura na sanduku la bati,
Kiarabu kikimkwama kooni kama mwiba wa sangala.
Kazini wakamwita Mburundi.
Akanunua injini yenye sauti kuliko zao.

Jana nilipitisha ukucha juu ya sahani. Ukakwama
mara nne, katika mifereji minne ya duara,
kama sindano kwenye santuri,
ila sauti haikutoka.

Sasa mashine ya kukereza inanguruma.
Ncha inagusa chuma, chuma kinapiga ukelele,
na maranda yanajikunja, membamba, ya buluu kwa moto,
yanadondokea ndara zangu.
"Rudi nyuma, binti Sleyum."
Sirudi.

Matundu nimeyapanga juu ya kifuniko cha boksi la halua,
bado kinanukia zafarani:
thelathini na sita, matatu matatu, yakipinda kufuata mzunguko,
hata moja lisikaribie bolti.
Pavithran anakigeuza kifuniko juu chini.
"Ya nini haya? Urembo?
Hapa mvua inakuja mara moja kwa mwaka,
na siku hiyo hakuna anayekwenda kazini."

Nikamwambia habari ya Fanja.
Maji ya bonde yalifika kwenye vifundo vya miguu, si zaidi.
Baba akavuka, akashika mteremko, akabana breki,
na breki ikawa kiganja kilichopakwa sabuni.
Mama alikuwa nyuma, kakaa upande.
Aliacha meno mawili kule. Hadi leo
akicheka huziba mdomo kwa ncha ya mtandio.
Na baba tangu siku ile, juani, barabara kavu kama mfupa,
alianza kubana breki tangu taa ikiwa mbali, ya kijani.
Miaka ishirini na mmoja.
Mifereji hii si ya mwendo kasi, Pavithran.
Ni ya woga.

Hakujibu. Alitia mafuta kwenye keekee
akaanza tundu la kwanza, polepole, akipumzisha,
kisha akalilainisha mdomo juu na chini:
"Tundu lenye makali ndiko ufa unakozaliwa."
La pili. La tisa. Chai ya maziwa. La kumi na saba.
Kufika la thelathini na moja alinisogezea mpini.
Mkono wangu ulikuwa na jasho.

Akapima tena. "Sita nukta mbili na nusu.
Haitakerezwa tena hii. Ikiisha, imeisha."
Akayafagia maranda yote kwenye pipa,
woga wote wa baba, kilo haifiki,
akanitoza riali kumi na nne.

Nyumbani, Al-Khoud, mama alikuwa anashona kofia.
Nilimwekea sahani mapajani bila maneno.
Akavua miwani, akaivaa tena.
Akapitisha sindano tundu hili, akaitoa lile,
vile apimavyo vijicho vya kofia kabla ya kuzungushia uzi,
akihesabu kwa midomo.
Nikadhani atauliza habari ya mvua.

"Hili," akasema, "nani katoboa?
Limekwenda upande."
Akacheka, mikono yote miwili ikiwa imeshika chuma.