Maneno Kumi na Mbili

Juu ya paa, Umoja Mbili, kati ya tangi na kamba za nguo,
tumefunga waya wa mita ishirini hadi kwenye mlingoti wa jirani
anayeamini kwamba tunamwibia intaneti.
Mimi ndimi mshika saa.
Nina daftari la mraba, betri ya gari tuliyoazima,
na ujumbe mmoja wa mazoezi kwa watu watatu:

Dawa ya nyoka chupa nne imetoka Wilson asubuhi, pokeeni saa sita mchana.

Maneno kumi na mbili. Lodwar, Ekidor amekaa kitako.

Wekulo kwanza, maana hangojeki.
Hunadi mitumba Gikomba, koo lake halijui kunong'ona.
Akaumimina wote kwa pumzi moja:
sekunde sita. Sita! Akanigeukia, nyusi juu,
kama mtu aliyekwisha kulipwa.
Kisha Lodwar ikajibu kutoka ndani ya mkwaruzo:
"Nimepata. Chupa nane."
Nne, akasema. Nane, ikarudi.
Nne! N ya Nakuru, N ya Nyeri, E ya Embu—
na huko chini fundi akawasha mashine ya kuchomelea mageti,
hewa yote ikakaangwa.
Niliposimamisha saa ilikuwa dakika mbili na sekunde kumi na moja,
na Wekulo anatafuta maji.

Kwamboka alistaafu posta kabla sijajua kusoma.
Alivuta ndoo, akaifunika, akaikalia,
akagusa kibonyezo cha shaba kama anayejaribu joto la uji.
Taa-ti-ti, ti-taa, ti-taa-taa, ti-taa.
Fundi bado anachomelea,
na ule mlio mwembamba ukapita katikati ya cheche
kama uzi kwenye tundu la sindano.
Sekunde arubaini na moja. Hakurudia hata herufi.
Nne ikafika nne.
Kisha Ekidor, polepole, nukta kwa kistari:
"Kidole kile kinakuuma tena?"
Hilo halikuwemo katika kumi na mbili.
Sikuwa na safu ya kuliandika.

Saa moja jioni. Kila televisheni, kila chaja, kila taa ya bei ya kutupa
imeamka mtaa mzima, inavuma.
Kwamboka akavua visikizi: "Humo hamna mtu."
Jerotich akafungua tarakilishi yake yenye kioo kilichopasuka.
Huyu hasikilizi. Hutazama michirizi ya samawati ikiteremka.
Robo dakika kutuma, robo dakika kungoja,
herufi kumi na tatu kila zamu, nafasi zikihesabiwa.
DAWA YA NYOKA
ikaenea barabara, kama imepimwa na fundi cherehani.
CHUPA NNE
IMETOKA WILSO
N ikabaki Nairobi. (Ekidor baadaye aliuliza Wilso ni nani.)
Zamu sita. Dakika mbili na sekunde arubaini na tano.
"Konokono," Wekulo akasema.
Konokono, ndiyo, lakini masikio yetu manane
hayakusikia kitu ila mvumo,
na chini ya mvumo, mahali sauti hufukiwa,
herufi zilikuwa zikitambaa hadi Turkana
kwa wati tano, pungufu ya balbu ya chooni kwetu.

Nilikuwa napiga mstari chini ya jedwali
stima ikapotea.
Umoja nzima ikasema aaah.
Na redio, iliyokuwa ikikaanga tangu mchana,
ikanyamaza ghafla, kimya kipana, kisafi,
unaweza kuanika shuka humo.
Wekulo akanyakua kipaza sauti gizani.
"Ekidor, wanipata?"
"Kama uko jikoni kwangu."
Sekunde sita. Chupa nne.
Hata chafya yake ilifika.

Safu ya mwisho nilikuwa nimeiandika *Mshindi*.
Kwa mwanga wa simu nikajaza: inategemea stima.
Na pembeni, kwa penseli, ndogo:
muulize Kwamboka kidole.