Chupa Kumi na Moja

Nilifika Moshi na ndoo ya lita kumi,
saa ya mkononi, utepe wa kupimia,
na mwongozo wa kurasa themanini na nne
unaosema jengo la umma linywe kiasi gani,
liwake saa ngapi, lipumue kwa dirisha lipi.

Jengo lenyewe ghorofa tatu, rangi ya maziwa yaliyolala.
Limeupa mlima mgongo.
Madirisha yake yamepakwa rangi hadi kwenye komeo,
hayajafunguka tangu mwaka wa kupakwa.
Saa saba mchana taa zinawaka, mapazia yameshushwa,
kiyoyozi kinatetemeka kwenye nyuzi kumi na sita
na karani wa masijala kajitanda kitenge mabegani.
"Ukikizima," akaninong'oneza, "kukiwasha ni barua."

Nikaandika.

Bomba la ghorofa ya pili
liliijaza ndoo kwa sekunde thelathini na moja.
Mwongozo ungenisubirisha dakika moja na nusu na ushee.
Bomba la jirani halifungi; limefungwa utambi wa mpira wa baiskeli,
linadondosha tone, linafikiri, linadondosha jingine.
Haba na haba, tulikaririshwa, hujaza kibaba.
Hakuna mwalimu aliyetuambia
kwamba kibaba nacho huisha hivyohivyo.

Nikaandika. Nikaingia vyooni.

Matangi ya zamani, ya lita tisa; nawajua hawa, walaji.
Nikavuta, nikapima: saba na nusu.
Nikapima tena. Saba na nusu.
Nikafunua kifuniko, na ndani, imesimama wima
kama mgeni aliyekaribishwa akasahauliwa,
chupa ya lita moja na nusu,
imeshindiliwa kokoto za Mto Karanga,
shingo imefungwa uzi wa kushonea magunia.

Tangi la pili, chupa. La tatu, chupa.
Kumi na moja jumla, hata choo cha mkurugenzi.

Mhasibu Lyatuu alinifungulia jalada.
"Miaka miwili iliyopita bili ilishuka ghafla.
Nikajua mita imeugua. Nikaandika.
Wakaja, wakafunga mita mpya.
Nayo ikasema yaleyale.
Nimeandika tena. Nasubiri majibu."

Aliyejua hakuwa na jalada.
Bi. Aikande Mmasi, mfagiaji wa mkataba,
nilimkuta kwenye chumba cha madekio,
chumba pekee ambacho kidirisha chake kinautazama mlima.
Hakukana. Hakujisifu pia.
"Kwetu Uru, mfongo una zamu," alisema, akikamua dekio.
"Zamu yako ikiisha unaziba,
hata kama mgomba mmoja haujanywa.
Chini yako kuna mtu kashika jembe, anasikiliza.
Nilipoanza kazi hapa
nikawa nasikia maji usiku kucha
na simsikii wa kuziba."

Chupa aliziokota baada ya semina.
Kokoto alibeba mwenyewe, kidogokidogo,
kwenye mkoba wa kanisani.

Fomu yangu ina safu tatu:
Kiwango. Hali Halisi. Mapendekezo.
Ukurasa wa sitini na moja unataka
kitu chochote ndani ya tangi kiwe kimeidhinishwa,
na chupa ya Bi. Aikande haina muhuri.
Kwa haki ya karatasi, napaswa kuandika: dosari, kumi na moja.

"Mkileta hayo matangi mapya," aliuliza,
"za kwangu nizitoe, au zitakaa?"

Nilisema bajeti. Nilisema awamu.
Nilisema neno jingine refu, sasa silikumbuki.
Kalamu ikabaki juu ya safu ya tatu,
nami nikawa nasikia, kwa mara ya kwanza siku ile,
lile tone la ghorofa ya pili.

Akaizima taa juu ya kichwa changu.
"Si umemaliza kuandika?"

"Bado."

"Basi sogea hapa dirishani. Kuna mwanga."