Mshahara wa Mpera

Jina langu lilisomwa la tisa
pale Isecheno, kwenye kibaraza cha afisi ya msitu,
baada ya Lumbasi mwenye diploma
na kabla ya kijana wa Khayega aliyekuja na tai ya kuazima.
Vijana ishirini. Miezi mitatu. Mia sita kwa siku,
na pesa zitaingia kwa simu kila Ijumaa,
alisema Bi Minayo, mtandao ukikubali.

Nikapewa buti nambari nane; mguu wangu ni wa tano.
Nikasokomeza magazeti kwenye ncha,
nikaingia msituni nikikanyaga habari za mwaka jana.

Kazi: kung'oa mipera.
Nikacheka, nikaona nacheka peke yangu.
Mpera ni mgeni, tukaambiwa,
uliingia bila hodi, sasa umekalia kigoda cha mutere,
na miche ya mukomari inakufa kivulini mwake.

Nikameza mate.
Maana njia ile ile, nikiwa darasa la nne,
niliipita na mapera kwenye sketi iliyokunjwa,
nikila, nikitema,
nikitema mpaka langoni mwa shule.
Tumbili wanasingiziwa bure.
Nani angejua nitalipwa kung'oa
nilichopanda kwa mdomo?

Mpera haung'oki kwa huruma.
Ukiukata juu, unachipua kwa hasira.
Sharti uufuate mzizi, kwa jembe, kisha kwa kucha,
ukipiga magoti kama mtu aliyepoteza pete,
huku mbega wakikutazama toka juu
katika makoti yao ya harusi.
Saa nane mvua inakuja, haijawahi kuchelewa.

Anayetia sahihi karatasi yangu ya siku
ni Bwana Shitanda. Ana mwandiko mzuri.
Mwandiko huo huo ndio ulioandika, mwaka ule wa njaa,
jina la mama: Khasandi,
kuni, mzigo mmoja, faini elfu mbili.
Tuliuza kuku wote, hata yule aliyekuwa ameatamia.
Sijamwambia. Naye hajauliza mimi ni wa nani.
Jioni anauliza tu, mashina mangapi?
Arobaini na mawili.
Anaandika.

Mshahara wa kwanza nilinunua mtungi wa gesi.
Mama akaufunika kitambaa cha kufuma,
akauweka sebuleni, karibu na redio.
Gesi ni ya wageni, alisema,
akachukua kamba yake.

Sasa zimebaki siku nne.
Lumbasi anaulizia kazi Eldoret,
kijana wa Khayega amenunua tai yake mwenyewe,
mimi nimejifunza majina ya miti thelathini
na sijui nitamsomea nani.

Lakini jana Bi Minayo alisema mashina yasiachwe yaoze,
wenyeji wayachukue.
Mama akaja. Akasimama nje ya kizuizi,
kamba mkononi, mguu mmoja tayari kukimbia.
Nikamfungia mzigo, mipera mitupu, mizito,
na mikono yangu ikashindwa kuunyanyua.

Bwana Shitanda akatazama vilele vya miti.
Akachomeka kalamu mfukoni.
Akaja, akashika upande wa pili,
tukamtwika.

Mama hakusema asante.
Alisema, "Kaza hapo kushoto,"
na mtu yule akakaza.