Mwandika Maji

Miaka thelathini na minne niliandika maji.
Kila alfajiri, Bandari ya Kusini, Mwanza,
nilishuka vidato saba vya zege vyenye utelezi,
nikainama mbele ya bamba lenye namba,
nikasoma, nikaandika kwa penseli,
maana wino huogopa mvua.

Siku hizi vidato vile vile vinanisoma mimi.
Cha kwanza kinauliza goti la kushoto,
cha pili kinauliza la kulia,
cha tatu nafeli. Nakaa papo hapo.

Juzi mwanangu Lugembe kaja kutoka Dodoma,
kaniletea fimbo ya alumini, nyepesi kama uongo.
Nikamwambia, keti nikuonyeshe vitu:
hati ya kiwanja cha Nyegezi imo kwenye kopo la biskuti;
Mama Nshoma wa Mkuyuni ananidai elfu sita, za sato wa Pasaka;
shuka hii nyeupe, ya juu kabisa, msiitandike,
ina safari yake.
"Baba, acha uchuro!"
Mtu mzima, na mvi zake, kaziba masikio.

Uchuro?
Mimi sijamwita mtu. Nimefagia uwanja tu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa;
huyu akija mwenyeji haponi,
lakini akute kiti.

Niliyaona maji ya sitini na mbili
yakiingia jikoni kwa mama,
yakazima mafiga bila kubisha hodi.
Nikayaona yakirudi nyuma, miaka ile ya ukame,
miamba ikabaki na vifundo nje
kama wazee waliopandisha suruali.
Kisha yakapanda tena, yakameza vichanja vya dagaa.
Yakipanda niliandika. Yakishuka niliandika.
Madaftari yale hayakuwa na safu ya malalamiko.

Nilipoanza kazi nilikuwa na pupa,
nikasoma wimbi likiwa juu, nikakosea sentimita tatu.
Marehemu Bugingo, Mkerewe wa Bukindo, bosi wangu,
hakunifokea. Alisema:
"Ngoja lipande, ngoja lishuke, ukweli unapita katikati."
Niliitikia ndiyo mzee, nisielewe kitu.
Nimemwelewa mwaka huu, saa nane za usiku,
nimesimama chooni nikingoja mkojo
ambao nao umezeeka.

Kabula, binti wa Lugembe, ana miaka minane
na hajui bado maswali yasiyoulizwa.
"Babu, utakufa lini?"
Baba yake akaruka kama kakanyaga kaa la moto.
Nikamwambia, mwache.
Sijui lini, mjukuu wangu, ila namba inashuka.
"Unaogopa?"
Usiku naogopa. Asubuhi nina njaa.
Akatafakari, akaona ni jibu,
akamalizia kiazi chake.

Jioni tukaenda bandarini, mimi na yeye na fimbo ya uongo.
Bamba langu bado lipo, limeliwa na kutu;
kazi imepewa mashine, isiyo na goti.
Nikakaa kidato cha pili.
Yeye akashuka vyote saba, viatu mkononi,
akainama pale nilipoinama.

Nikafungua kinywa nimwambie, ngoja litulie.
Tayari alikuwa amepaza sauti, anasoma,
wimbi likiwa juu, na meno mawili ya mbele hayapo.
Kakosea, nadhani, sentimita tatu.

Nikatoa penseli.
Nikaandika vile vile alivyosema.