Pau Mbili

Mimi mtoto wa Gerezani. Mnada naujua:
unatazama pembeni, unasonya,
unaitia kasoro bidhaa unayoitaka,
na pesa yako inabaki kimya mfukoni
mpaka muuzaji achoke kwanza.

Ndiyo maana Alhamisi ile, orofa ya pili, Mtaa wa Mindu,
nilicheka Restituta aliponiambia
kwamba hapa mnadi husema alicho nacho.
Ree nne, basha tatu, bibi mbili, ghulamu moja.
Jumlisha, kisha tangaza.
Mbele ya wote? Mbele ya wote.
Hata mbele ya Bwana Fidahusein
anayehesabu kwa nyusi?
Hasa mbele yake.

Akanipa daftari la miraba, la hesabu za watoto,
mwandiko wa mfamasia mstaafu, kwa bahati unasomeka:
"Kumi na tano hadi kumi na saba, mkono uliotulia:
moja, bila turufu.
Kopa na shupaza, usifungue nazo kabla hazijatimia tano.
Mwenzako akijibu pau mbili, hana habari na pau.
Anauliza."

Hapo nikagoma.
Nilikuwa karani wa bandari miaka thelathini na moja;
kwenye karatasi zangu mchele uliitwa mchele.
Mtu aseme pau, asimaanishe pau,
na meza nzima iafiki? Huo si uongo?

Restituta akaweka kikombe chini.
"Kibwana, ulipoingia nilikuamkiaje?"
"Hujambo."
"Ukajibu?"
"Sijambo."
"Na kweli huna jambo?"

Feni ikazunguka. Bi Lobo akachanganya karata
taratibu kuliko ilivyohitajika.

Nilisoma. Nilisoma kwenye benchi la Muhimbili,
kati ya saa saba wanapotutoa wodini
na saa kumi wanapoturudisha,
chupa ya uji miguuni,
nikinong'ona pointi kama anayevuta uradi,
hadi mama mmoja nisiyemjua
akanisogelea, akasema, pole baba,
akaniachia nusu ya chungwa lake.

Wiki ya nne ukaja mkono ule.
Kumi na sita, umetulia, kopa nne nzuri ajabu.
"Moja, bila turufu," nikasema, sauti ya mwenye nyumba.
"Pasi," akasema Fidahusein.
"Pau mbili," akasema Restituta.

Nikazitazama pau zangu. Tatu, nyembamba.
Nikawaza: kama anazipenda, mimi nani nimzuie.
"Pasi."

Bi Lobo naye akapasi, haraka, kama anayefunga mlango
kabla mgeni hajabadili nia.

Mchezo ukawa wa Restituta. Mimi, kama ilivyo desturi,
nikalaza karata zangu zote mezani, uso juu,
naye akaziona kopa zangu nne
akiwa ameshika nne za kwake,
na pau anayo moja tu, ya saba.
Tukaanguka tatu.
Hakusonya. Aliandika alama kwa mwandiko uleule.

Ngazini, saa kumi inakaribia, akaniuliza,
"Habari za nyumbani?"
"Nzuri."

Akasimama, kiganja juu ya chuma cha ngazi.
"Hiyo ilikuwa pau mbili, Kibwana.
Nimeuliza. Usinipasie tena."

Chini mtaani, muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake.
Nilitafuta pa kuanzia: siku ya ishirini na tisa,
mshipa ulioziba, mke wangu anayeniuliza
kama nimemwagilia mchicha,
na ile karatasi ya malipo
ninayoikunja kila siku ikawa ndogo zaidi
na haipungui.

"Kopa," nikasema.
Umbo la ugonjwa wenyewe. Na ndiyo kazi yangu ya asubuhi,
mlango kwa mlango.

Hakucheka. Nilimwona akijumlisha kimoyomoyo,
midomo ikicheza kidogo, kama mezani,
kisha akauliza,
"Ngapi?"