Dirisha la Nne, Ilala

Karani hakuinua uso. "Kabila?"
Kabla sijajibu ameshaandika: Mang'ati.

Futa, mwanangu.
Hilo tulipewa na waliopigana nasi,
maana yake adui.
Nimelibeba Tandika, nimelibeba Buguruni,
pamoja na magome na mafuta ya kondoo,
nikiuza dawa ya mgongo
kwa wanawake wanaokumbatia mikoba nikipita,
kisha huniita uani, sauti chini:
"Mama Mang'ati, ya uzazi unayo?"

Ninayo. Kitambulisho ndicho sina.
Mgambo akimwaga kapu langu husema, rudi kwenu.
Kwetu wapi?
Udashera nilimzalia Amana,
kitovu chake kimezikwa Chanika.

Udashera mwenyewe ananivuta shuka:
"Mama, achana naye, watu wanasubiri."
Wasubiri.
Kwetu mwanamume akimvunjia mwanamke heshima
wanawake huketi baraza, peke yao, juani,
hawainuki mpaka fahali mweusi atolewe.
Mimi sidai fahali.
Nadai herufi saba.

Sasa akanitazama,
akaziona chale zinazozunguka macho yangu,
akashindwa aangalie wapi.
"Mdatoga," nikasema.
"Inaandikwaje?"

Hapo nilinyamaza. Shule sikupelekwa,
nilipelekwa kuolewa.

Udashera akaniachia shuka, akasogea dirishani,
akaitaja herufi moja moja,
taratibu,
kama anayehesabu ndama wakiingia zizini.
Foleni ikaguna.
Karani akachukua fomu nyingine.